Uzi: Binti amepata C+ na mlango wa uuguzi umefungwa. Wazazi wa Mombasa, tuyasome masharti ya masomo kabla ya mtihani

Shangazi wa Kisauni aliandika:

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Mombasa na viunga vyake. Nimeufungua uzi huu kwa sababu nyumbani kwetu limetufika jambo ambalo naamini limezifika nyumba nyingi tangu matokeo ya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, ya mwaka 2024 yalipotangazwa, na ningependa mwenye mtoto aliye kidato cha pili au cha tatu alisome sasa, wakati bado ana la kufanya.

Binti wa kaka yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa darasa la tano, amepata C+. Asubuhi ile tulipiga vigelegele mpaka jirani wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza kuna posa gani. Sisi sote tulijua neno moja tu kuhusu kuingia chuo kikuu: ukipata C+ umepita. Binti mwenyewe hana ndoto nyingine ila uuguzi, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza bibi yake miezi minane, akimgeuza kitandani usiku na kumwosha vidonda, na daktari aliyekuwa akija alimwambia mbele yetu kwamba mikono yake ni ya muuguzi.

Siku chache baadaye tulikwenda saiba, duka la kompyuta na intaneti, kutazama kozi za uuguzi. Nayaweka matokeo yake hapa kwa ruhusa yake, ili mwenye ujuzi anisaidie na asiyejua ajifunze nami: Hisabati D+, Kiingereza C+, Kiswahili B, Biolojia C, Kemia D+, Historia B-, Dini ya Kiislamu B, Biashara C+. Nimeelezwa kwamba tangu mtihani wa mwaka 2023 gredi ya jumla hupatikana kwa kuhesabu Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Kwake yeye hesabu hiyo inatoa pointi 50 kati ya 84, na C+ huanzia pointi 46. Kwa hiyo gredi yake ni halali na ameitolea jasho. Lakini tazameni: Kemia yake haikuingia kabisa katika hesabu hiyo. Gredi iliyotufanya tupige vigelegele haikusema neno lolote juu ya Kemia.

Kijana wa saiba alifungua kwanza shahada ya uuguzi. Inataka C+ ya Biolojia, C+ ya Kemia, C+ ya Hisabati au Fizikia, na C+ ya Kiingereza au Kiswahili. Akasema kwa upole, "Shangazi, hapa haiwezekani." Nikamwambia basi tushuke diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kwani binti ana C+ na diploma ile inaomba C. Akaifungua. Inataka C ya Biolojia, anayo. C ya Kiingereza au Kiswahili, anayo na ziada. Kisha inataka C- katika somo moja tu kati ya Hisabati, Kemia au Fizikia. Binti aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya kile kineno chenye maana ya "au", akakisoma mara mbili kimya kimya. Ana D+ ya Hisabati na D+ ya Kemia, na Fizikia hakuifanya. Pointi moja tu, katika somo lolote moja kati ya hayo matatu, ndiyo iliyokosekana.

Hakulia pale. Alilia kwenye matatu, tulipofika darajani Nyali.

Usiku ule nilikumbuka kwamba Fizikia aliiacha kwenye fomu ya kuchagua masomo, akachukua Biashara kwa kuwa marafiki zake walikuwa wakielekea huko. Mwalimu aliyegawa fomu hakueleza lolote, na sahihi ya mzazi iliyo chini ya fomu ile ni yangu. Niliitia nikiwa jikoni, bila kuuliza, nikidhani kuchagua masomo ni jambo la shule na si la nyumbani. Naiona sasa kuwa ile fomu ndiyo iliyokuwa ombi lake la kujiunga na chuo, na tuliijaza miaka miwili kabla ya mtihani bila kujua tunajaza nini.

Naomba wajuzi waniambie mambo mawili. Afanye nini sasa? Na hii klasta inayotajwa kila mahali ni kitu gani hasa?

Mwalimu Mstaafu wa Tudor aliandika:

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole, na mpe pole binti. Nilifundisha sekondari miaka thelathini na zaidi, na kisa chako nimekiona kikijirudia karibu kila mwaka kwa sura tofauti: mara ni mvulana wa uhandisi aliyeacha Kemia, mara ni msichana wa ufamasia aliyeacha Biolojia.

Sisi wa zamani tulikuwa na kidato cha sita, na mtihani wake ndio uliochuja wa kwenda chuo kikuu. Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipokuja mwaka 1985 ngazi hiyo iliondolewa, na tangu KCSE ya kwanza mwaka 1989, mtihani wa kidato cha nne hufanya kazi mbili kwa pamoja: kufunga sekondari na kufungua chuo. Vyuo vikuu vya umma havimwiti mtoto kufanya mtihani mwingine wa kujiunga. Ndiyo maana nakubaliana nawe juu ya ile fomu. Mtoto anayedhani kwamba mtihani wa chuo utakuja baadaye huwa tayari yumo ndani yake.

Kuhusu klasta, ieleweni hivi. Kila kozi ya shahada imewekwa katika kundi lenye masomo yake manne. Kila somo lina pointi 12 kwa aliyepata A, zikishuka mpaka 1 kwa aliyepata E, hivyo masomo manne yana kiwango cha juu cha 48. KUCCPS, chombo kilichoanzishwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 kuchukua nafasi ya ile bodi ya pamoja ya udahili, huchanganya pointi za masomo hayo manne na matokeo ya jumla ya mwanafunzi, na namba inayotoka ndiyo inayoshindanishwa na ya wenzake walioomba kozi ileile.

Chukua matokeo ya binti yako. Kwa uuguzi masomo manne ni Biolojia 6, Kemia 4, Hisabati 4 na Kiswahili 9, jumla 23. Sasa chukua kozi inayotazama lugha, masomo mawili ya jamii na sayansi moja: Kiswahili 9, Dini 9, Historia 8, Biolojia 6, jumla 32. Ni mtoto yuleyule aliyeketi kwenye dawati lilelile, na bado ni kama watu wawili tofauti mbele ya vyuo. Kwa hiyo anayeuliza tu "umepata gredi gani?" hajauliza swali ambalo chuo kitauliza.

Tena yako masharti yasiyo ya ushindani, ambayo ukiyakosa hata jina lako halifiki kwenye foleni. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari lazima awe na C+ ya jumla na C+ katika masomo mawili atakayofundisha, la sivyo Tume ya Huduma za Walimu haitamsajili hata akimaliza shahada. Anayetaka sheria anahitaji C+ ya jumla na B ya Kiingereza au Kiswahili. Nawaomba watu wa Pwani walisome tena hilo la pili. Lugha tunayoamka nayo imewekwa sawa na Kiingereza katika sharti hilo, na bado nimeona watoto wa hapa hapa wakiidharau karatasi ya Kiswahili kwa kuwa wanaona ni lugha ya nyumbani, kisha wanapata C.

Binti yako ana B ya Kiswahili na B ya Dini. Ualimu anaustahiki leo hii. Lakini sitamsukuma huko. Aliyemwosha mgonjwa vidonda miezi minane anajua anachokitaka.

Mama Wawili wa Likoni aliandika:

Shangazi, nakushukuru kwa kuandika. Naongeza jambo la saiba, kwa kuwa wewe ulibahatika kupata kijana muungwana.

Mwanangu wa kwanza tulimpeleka saiba moja ya hapa, siitaji, siku ya mwisho kabla ya tovuti ya KUCCPS kufungwa, foleni imefika nje barabarani. Mhudumu alichukua namba yake ya mtihani na namba ya cheti cha kuzaliwa, akaingia mwenyewe, akajaza machaguo yote kwa dakika chache, akatutoza, akamwita wa pili. Mtoto alipopangiwa nafasi tulikuta ni kozi asiyoijua, katika kaunti asiyowahi kukanyaga, na tulipotaka kubadilisha tulikuta nywila imebadilishwa na mhudumu haikumbuki. Tuliikomboa mwishowe, ila dirisha la kurekebisha lilikuwa limeshapita. Mtoto aende mwenyewe, akae yeye kwenye kiti, aandike nywila yake kwenye daftari, na kwa kila kozi atazame pointi ambazo waliochukuliwa mwaka uliotangulia walikuwa nazo. Zimewekwa pale pale kwenye tovuti.

Jingine ni majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mohamed na hati ya matokeo ikasema Muhammad, au jina la babu likiwa huku lipo na huku halipo, siku ya kuripoti chuoni mtarudishwa. Lirekebisheni kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani, maana baada ya hapo ni safari za Nairobi na barua.

Muuguzi wa Zamu aliandika:

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya umma hapa Mombasa, na nina onyo ambalo nataka Shangazi alisome kabla hajatoa hata shilingi moja.

Kutakuwa na watu watakaomwambia kwamba kuna chuo cha binafsi kitakachompokea binti na D+ zake. Watampa barua yenye nembo na muhuri, na watataka karo ya muhula wa kwanza upesi. Lakini mwanafunzi wa uuguzi nchini Kenya hupaswa kuandikishwa na Baraza la Wauguzi anapoanza masomo, na Baraza hutazama gredi za KCSE somo kwa somo. Asiyetimiza masharti haandikishwi, na asiyeandikishwa hafanyi mtihani wa leseni, na asiye na leseni haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Nilimpokea wodini msichana aliyekuja kwa mazoezi, hodari kuliko wenzake wote, anayejua kutafuta mshipa wa mtoto mchanga kwa subira ambayo haifundishwi, na katikati ya kozi ndipo chuo chake kilipomwambia kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya Baraza. Mamake alikuwa ameuza kiwanja.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ulizeni Baraza lenyewe kama chuo kimeidhinishwa, kisha ulizeni kama gredi hizi zinakubalika. Kumbukeni pia kwamba uuguzi una ngazi ya cheti chini ya diploma, ambayo masharti yake ni nafuu zaidi, na muuguzi wa cheti anaweza kurudi chuoni akapanda. Baadhi ya wakubwa wangu wodini walianzia huko, na mgonjwa hajui tofauti anapofungwa kidonda vizuri.

Kijana wa Changamwe aliandika:

Shikamooni wazee wangu. Mimi nilipata C-, na kwetu hakuna aliyepiga kigelegele. Baba alinyamaza tu, akaniuliza kama niko tayari kwenda naye bandarini kutafuta kibarua.

Mwalimu mmoja aliniambia kwamba C- ndiyo gredi ya chini ya diploma nyingi, kama D ilivyo gredi ya cheti, na kwamba hata aliyepata E ana kozi za ufundi katika vyuo vya kiufundi. Niliomba diploma ya umeme katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, ambacho wazee bado wanakiita Poly. Babu yangu alikiita MIOME mpaka alipofariki, kwa kuwa kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, kikawa taasisi ya ufundi mwaka 1966, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na hadhi ya chuo kikuu kamili kikaipata mwaka 2013. Nataja historia hiyo kwa sababu mahali hapo palijengwa kwa ajili ya watoto kama mimi, wenye mikono inayojua kazi.

Nilimaliza diploma kwa alama nzuri na sasa niko mwaka wa pili wa shahada. Sitawadanganya: njia ni ndefu. Wenzangu wa kidato cha nne wameshamaliza na baadhi wana ajira, na mimi bado naomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Lakini ninapoingia maabara tayari nimeshika waya kwa miaka mitatu, na wale waliokuja moja kwa moja na B zao huniuliza mimi. Hata hivyo hata diploma ina masharti yake ya masomo, na mimi kilichoniokoa ni C ya Fizikia. Hisabati yangu ilikuwa C-.

Baba wa Majengo aliandika:

Naomba kuuliza. Nimesikia viko vyuo vinavyofanya mtihani wao wenyewe wa kujiunga. Je, mtoto aliyekosa kupitia KUCCPS anaweza kuingilia huko? Na wale wanaokwenda nje, Sudan, Madina, India?

Mwalimu Mstaafu wa Tudor aliandika:

Baba, baadhi ya vyuo vikuu vya binafsi, kama Aga Khan na Strathmore, huwafanyisha waombaji mtihani au mahojiano yao. Lakini mtihani huo huja juu ya KCSE, hauchukui nafasi yake. Aliyekosa sharti la somo hawezi kulirudisha kwa kushinda mtihani wa chuo, hasa katika fani zenye baraza la kitaaluma kama alivyoeleza Muuguzi. Kwa wanaokwenda nje, shahada yao itabidi itambuliwe hapa nyumbani warudipo, na wa tiba na uuguzi watapimwa upya na mabaraza yao. Ulizeni hayo kabla ya kununua tiketi.

Nirudi kwa Shangazi. Iko njia moja ambayo haijatajwa: kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Akirudia mtihani mzima atayafanya upya masomo yote, kwa hiyo binti ahakikishe hapotezi zile B alizonazo. Atafute kituo chenye maabara, maana karatasi ya tatu ya Kemia ni ya vitendo na haifanywi kwa kusoma daftari. Nimeona watahiniwa wa kibinafsi wakiishika bureti, ule mrija wa kupimia kemikali, kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka, hivyo amueni ndani ya wiki hii. Ningekuwa mimi, nisingemtuma akapambane na Hisabati na Kemia kwa nguvu sawa. Sharti linasema somo moja. Achague lile ambalo D+ yake ilikuwa karibu zaidi na C-, alipatie saa zake zote za asubuhi, na mengine ayalinde.

Jambo la mwisho ni kwa wenye watoto walio kidato cha pili mwaka huu wa 2025. Hao walioingia sekondari mwaka 2024 ndio kundi la mwisho la 8-4-4, na KCSE yao itakuwa mwaka 2027. Msisubiri shule iwaite. Nendeni na fomu ya masomo mkononi, muulize kwa kila somo linaloachwa: likiachwa hili, ni kozi zipi zinafungwa?

Shangazi wa Kisauni aliandika:

Mwalimu, shikamoo, na Mungu awalipe nyote. Nimewasomea binti na kaka yangu majibu yenu yote kwa sauti, sebuleni, baada ya isha.

Tumeamua hivi. Atarudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, na somo alilolichagua ni Kemia. Anasema Hisabati humpotea tangu darasa la saba, lakini Kemia aliharibikiwa kwenye karatasi ya vitendo, na hapo nikaelewa maneno ya Mwalimu kuhusu bureti. Kesho asubuhi tunakwenda kuona maabara ya kituo kimoja kabla ya kulipa. Nimemwambia mkuu wa kituo kwa simu kwamba nataka kuiona kwa macho yangu, na amekubali. Wakati huohuo tutaiuliza KMTC juu ya ngazi ya cheti, na nafasi ya ualimu hatutaifunga.

Ndugu yake mdogo yuko kidato cha pili, na shuleni kwao fomu ya masomo imetoka wiki hii. Iko juu ya meza sasa ninapoandika. Alikuwa ameshaikata Fizikia kwa kalamu. Dada yake aliichukua fomu, akakaa naye, akamfungulia orodha ya masharti kwenye simu na kumwonyesha lile neno "au", kisha akamwacha aamue mwenyewe. Amekwenda kuomba fomu nyingine kwa mwanafunzi mwenzake wa mtaa wa pili.

Nimemwambia akirudi anisubiri. Safari hii tutaijaza pamoja.